Kipisi cha Sigara Mferejini

Misikiti mingi ya zamani katika mji wa Lamu ina birika la kutawadhia, na katika birika hilo huwekwa samaki wadogo. Mgeni asiyejua hudhani kuwa wamewekwa kwa ajili ya pambo. Lakini maji yakituama huzaa viluwiluwi, na viluwiluwi hugeuka mbu, na mbu huleta homa. Basi wazee wetu wakaweka samaki wa kuwala viluwiluwi hao, wakapata maji safi pasipo dawa wala gharama. Hata majumbani, katika mabirika ya vyooni, walifanya vivyo hivyo. Samaki yule akawa mtumishi, na akawa shahidi pia, kwani maji yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuonekana amegeuka tumbo juu.

Tumewakumbuka samaki hao kwa sababu mwezi huu twataka kuzungumza na wasomaji wetu habari ya kitu kidogo sana ambacho huingia majini kila siku, wala hakuna akitazamaye. Kitu hicho ni kipisi cha sigara. Hatukukusudia leo kueleza madhara ya sigara katika mapafu ya mvutaji, wala kuurudia mjadala wa wanavyuoni juu ya hukumu ya tumbako. Hayo yamekwisha andikwa sana, na asiyetaka kuyasikia hayasikii. Tunayoyataka ni yale yatokeayo baada ya sigara kwisha, pale mvutaji anapokibana kipisi kwa vidole viwili na kukirusha.

Hebu tutazame mlango wa msikiti wowote wa mjini kabla ya sala ya magharibi. Mtu anakuja na sigara yake mkononi. Adhana imekwisha, na kuingia na moto hawezi. Basi huvuta mara ya mwisho, hukitupa kipisi mferejini, huvua viatu, akaingia kutawadha. Haoni kosa alilolitenda. Bali huenda akaona kuwa amefanya adabu, maana hakukiacha barazani wala hakukikanyagia mlangoni. Na katika mwezi wa Ramadhani, watu wakishafuturu na kutoka nje, vipisi vilivyokuwa havionekani mchana kutwa hujaa mtaani kwa muda wa saa moja.

Mifereji ya miji yetu ya pwani haikujengwa ili ipeleke taka jaani. Ilijengwa ili iondoe maji ya mvua, na njia yake ni kuteremka mpaka baharini. Lamu, michirizi ya wazi hupita vichochoroni nyumba hata nyumba, na mji wenyewe umekaa juu ya mteremko unaoishia ufukweni. Dar es Salaam, yaliyomwagwa Kigogo na Jangwani huingia Mto Msimbazi, na Msimbazi huingia Bahari ya Hindi. Aghalabu hapana chujio katikati wala mtambo wa kuyasafisha maji hayo. Kwa hiyo kipisi kilichotupwa Januari, wakati wa kiangazi, hukaa mferejini kikingoja. Mvua ya kwanza ya masika ikishuka kwa nguvu, hukichukua pamoja na wenzake wa miezi mitatu, vikafika baharini kwa siku moja. Wavuvi waijua rangi ya maji ya ufukweni siku hiyo.

Sasa yatupasa kukijua kitu chenyewe. Watu wengi huita pamba ile sehemu laini iliyo mwishoni mwa sigara, na kwa sababu ya jina hilo hudhani kwamba itaoza kama pamba. Jina hilo limewadanganya. Kichungi cha sigara ni plastiki, na plastiki hiyo yaitwa selulosi asetati. Asili yake ni nyuzi za mti, lakini nyuzi hizo hutiwa madawa yatokanayo na asidi ile ile inayoleta ukali katika siki, mpaka tabia yake ya mti ikabadilika, na vijidudu vya ardhini ambavyo hula jani na ukuni visiweze kuila kwa wepesi. Kisha huvutwa kuwa nyuzi nyembamba mno, hata katika kichungi kimoja mkawa na nyuzi 12,000 au zaidi, zimebanwa pamoja na kuzungushiwa karatasi. Karatasi huoza upesi. Nyuzi hubaki. Jua na mawimbi na mchanga huzikatakata miaka mingi zikawa kama vumbi, na vumbi hilo ni plastiki bado, ila jicho haliioni tena, na samaki huimeza pamoja na chakula chake.

Sigara walizovuta babu zetu aghalabu hazikuwa na kitu hiki. Zilikuwa tumbako na karatasi, na kilichobaki baada ya kuvutwa kilikuwa kipande kidogo cha majani. Mabadiliko yalikuja katika miaka ya 1950, na sababu yake yafaa ijulikane. Mwaka 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao ulioonyesha kuwa uvutaji wa sigara umefungamana na saratani ya mapafu. Mwaka huo huo Ernst Wynder na Evarts Graham walitangaza kama hayo huko Marekani. Watu wakaingiwa na hofu, na makampuni ya sigara yakaona biashara yao i hatarini. Yakaleta kichungi, yakakisifu katika magazeti kuwa ni salama ya mvutaji. Huko Marekani mwaka 1950 sigara zenye kichungi zilikuwa chache kabisa. Ilipofika 1960 zilikuwa kiasi cha nusu ya sigara zote zilizouzwa.

Je, salama hiyo ilipatikana? Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 2014 yasema kuwa aina moja ya saratani ya mapafu imezidi kwa wavutaji kwa sababu ya mabadiliko yaliyofanywa katika utengenezaji wa sigara tangu miaka ya 1950, na vichungi vyenye vitundu vya hewa vimetajwa miongoni mwa mambo yanayotuhumiwa. Basi kitu kilicholetwa kuwatuliza watu roho ndicho kinachojaza mifereji yetu. Sisi twaona kuwa katika habari yote hii hapana jambo la kusikitisha kuliko hilo: wavutaji wamenunua plastiki hiyo kwa miaka zaidi ya 60, wakiamini kuwa ni kinga yao.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa vipisi vinavyotupwa ovyo ulimwenguni kila mwaka ni trilioni 4.5, na mwaka 2022 siku ya kupinga tumbako, tarehe 31 Mei, ilifanywa kuwa ya kueleza uharibifu wa tumbako katika mazingira. Hesabu kama hiyo ni kubwa mno hata akili haiipokei. Iko nyingine iliyo karibu zaidi na macho. Tangu 1986 watu wa kujitolea katika nchi nyingi hukusanyika siku moja kila mwaka kuokota taka za pwani, chini ya uongozi wa chama cha Marekani kiitwacho Ocean Conservancy, nao huhesabu kila kitu wanachokiokota. Kwa miaka zaidi ya 30 mfululizo kitu kilichoongoza kwa hesabu kilikuwa kipisi cha sigara. Taarifa ya 2020 ndiyo ya kwanza kuonyesha kimepitwa, nacho kilipitwa na vifuko vya biskuti na peremende na vyakula vya namna hiyo.

Lakini wingi peke yake si hoja yetu. Majani ya mwembe pia ni mengi, wala hayadhuru maji. Neno ni lile lililomo ndani ya kipisi.

Wakulima wa zamani walikuwa wakiloweka tumbako katika maji, kisha wakayanyunyiza maji hayo juu ya mimea ili kuua wadudu. Nikotini ni sumu ya wadudu, na mti wa tumbako umeumbwa nayo ili ujilinde na wenye kuula. Mvutaji anapovuta, sehemu ya moshi huingia kifuani mwake na sehemu hunaswa katika kichungi: nikotini, na lami, na pamoja nayo chembe za madini yenye sumu kama vile risasi, kadimiamu na aseniki. Maana ya kichungi ni hiyo hasa, kunasa. Kikitupwa majini hukiachilia kile kilichokinasa. Yaani tumechukua dawa ya kuulia wadudu, tukaifunga katika vifuko vidogo vidogo, tukawa tunaidondosha mferejini kimoja kimoja.

Mwaka 2011 wataalamu wa chuo kikuu cha San Diego State, katika jimbo la California, walifanya jaribio lililo jepesi kufahamika. Waliloweka vipisi katika maji kwa siku moja, kisha wakatia samaki wadogo katika maji hayo kwa siku nne. Walitumia samaki wa namna mbili, mmoja wa maji ya chumvi na mmoja wa maji matamu. Wakaona kuwa kiasi cha kipisi kimoja chenye mabaki ya tumbako katika lita moja ya maji kilitosha kuua nusu ya samaki, wale wa chumvi na wale wa maji matamu sawasawa. Vichungi vilivyovutwa na kuondolewa tumbako yote viliua pia, ila vilihitajiwa vingi zaidi. Na hata vichungi vipya ambavyo havijapata kuguswa na moto viliua vilipozidishwa. Hilo la mwisho liliwashangaza wengi, nasi twaona ndilo lenye maana kubwa, kwa kuwa laonyesha kuwa taabu haikuletwa na moshi pekee.

Kadhalika mwaka huo huo wataalamu wengine walipima madini yatokayo katika vipisi vilivyolowekwa, wakaona kuwa yalianza kutoka tangu siku ya kwanza, na yaliendelea kutoka hata baada ya mwezi kupita. Mwaka 2014 uchunguzi wa Berlin, Ujerumani, ulionyesha kuwa nikotini haingoji hivyo: nusu yake ilitoka majini kabla ya nusu saa kwisha. Wataalamu hao wa Berlin wakapiga hesabu, wakasema kuwa nikotini ya kipisi kimoja yaweza kuyafanya maji ya lita 1,000 yapite kile kiasi kinachohesabiwa kuwa hakiwadhuru viumbe wa majini. Na mwaka 2015 wataalamu wa Uingereza waliwajaribu minyoo wa tope la pwani, wale ambao wavuvi huwatumia kuwa chambo. Minyoo waliowekwa katika maji ya vipisi walikawia kujichimbia, na walikonda.

Tumeyataja haya kwa urefu kidogo kwa sababu mtu akiambiwa asikitupe kipisi mferejini, jibu lake huwa tayari mdomoni. Husema: bahari ni kubwa. Asemaye hivyo hasemi uongo. Bahari ya Hindi ni kubwa, na kipisi kimoja katikati ya mkondo wa Pemba hakimwui samaki. Lakini kipisi hakisafiri moja kwa moja mpaka kwenye kina. Hukwama pale mfereji unapokutana na ufuo, katika mizizi ya mikoko, katika tope, na katika vidimbwi vinavyobaki juu ya miamba maji yakitoka. Kidimbwi namna ile kina lita ngapi? Kimoja kina tano, kingine kina kumi. Na hapo ndipo wakaapo samaki wachanga kabla hawajapata nguvu ya kwenda mbali, na kaa wadogo, na kamba, na yale makombe ambayo chakula chao ni kuyachuja maji. Hapo ndipo mama zetu huenda na vikapu bamvua likitoka, kutafuta chaza na pweza. Basi mwenye kusema bahari ni kubwa ameipima bahari pale isipofikiwa na taka yake. Aipime pale inapofikiwa.

Wako na wengine, hasa wale waliosoma fiqhi kidogo, ambao jibu lao ni jingine. Husema kuwa tumbako si najisi, kwa hiyo kipisi kikianguka majini hakiyanajisi. Na hili pia lina asili, nasi hatutaki kulipuuza, kwani mas'ala ya maji ndiyo mlango wa kwanza katika vitabu vyetu na kila mtoto wa chuoni ameyasoma. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, maji yasiyofika qullatayn hunajisika kwa kuingiwa na najisi tu, na yaliyofika kiasi hicho hayanajisiki mpaka yabadilike rangi au tamu au harufu. Wapimaji wa siku hizi hukadiria qullatayn kuwa lita 200 hivi, wengine wakizidisha na wengine wakipunguza. Ama kitu kilicho tahiri kikichanganyika na maji mpaka yakabadilika sana, hata yakakosa kuitwa maji matupu, hapo maji hubaki tahiri lakini hayafai kutawadhia. Atakaye kujua kipisi kinayafanya nini maji, akitie kimoja katika chupa ya maji yenye kifuniko, aiache mpaka kesho yake, kisha aitazame rangi. Asiyaonje, na aiweke mbali na watoto.

Lakini twawauliza wenye jibu hilo: je, kila kisicho najisi chafaa kutiwa majini? Sumu ya panya si lazima iwe najisi, na hakuna aitiaye kisimani. Tukirudi kwenye hesabu ya Berlin, lita 1,000 ni qullatayn tano. Maji hayo yote yawe yamepita mpaka wa salama kwa viumbe wake, na huku hayakubadilika rangi wala tamu wala harufu, na ukiyatazama wayaona yang'aa. Faqihi akiulizwa juu ya udhu wake atasema ni sahihi, na atakuwa amesema kweli. Swali la udhu limejibiwa, na swali la madhara limebaki pale pale. Mtume (s.a.w.) amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama, amekataza kuchafua mahali watu wanapoteka maji, na amewakataza watu kudhuru na kudhuriana. Tena ametufundisha kuwa kuondoa njiani kinachowaudhi watu ni katika imani, ijapokuwa ni tawi lake lililo dogo. Hatudhani kuwa mtu aliyeyasoma haya atahitaji kusubiri fatwa nyingine juu ya kipisi.

Twaja kwenye nani wa kulaumiwa, maana si haki mzigo wote atwikwe mtu mmoja mwenye sigara mkononi. Umoja wa Ulaya ulitunga amri mwaka 2019 juu ya vitu vya plastiki vinavyotumika mara moja, na vichungi vya sigara vimo. Tangu 2021 pakiti za huko zimetakiwa kuwa na alama ya kumjulisha mnunuzi kuwa ndani mna plastiki, na amri hiyo hiyo imeyataka makampuni yachangie gharama za kuokota vipisi. Mnamo Februari 2024 nchi zilizotia saini mkataba wa kudhibiti tumbako zilikutana Panama, zikahimizana kutazama kanuni juu ya vichungi. Kwetu, mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Watu walilalamika, kisha wakazoea vikapu. Mfuko ule ulionekana kwa sababu ulipepea mtini na kuziba mtaro. Kichungi nacho ni plastiki, kimeachwa kwa sababu ya udogo wake. Twaona wakati umefika kwa watunga sheria kukiuliza kichungi kile kile walichouliza mfuko: wewe wafaa nini?

Kuna na jambo la dukani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 yakataza kuuza pakiti yenye sigara pungufu ya 10, walakini sigara moja moja huuzwa mchana na usiku, katika vibanda na mikononi mwa wachuuzi, na wanunuzi wake wengi ni vijana. Ubaya wake kwa vijana wajulikana. Ila kuna ubaya mwingine usiotajwa: mwenye pakiti, akitaka, aweza kukizima kipisi na kukirudisha ndani ya pakiti mpaka afike penye pipa. Aliyenunua sigara moja hana pa kukitia ila mfukoni mwa kanzu, na hilo hatalifanya.

Na majumbani zamani palikuwa na kisahani cha majivu juu ya meza ya sebuleni. Siku hizi akina mama wengi wamekataza kuvuta ndani ya nyumba, na wamefanya vyema sana kwa ajili ya watoto. Lakini kisahani kiliondoka sebuleni na hakikufuata nje. Mvutaji alitolewa barazani na sigara yake, akakuta mfereji mbele ya miguu yake. Enyi akina mama, mkimtoa nje mtoeni na kisahani chake. Na asiyeweza kukemea mumewe wala baba yake aweza kukiweka kisahani pale bila ya neno, na mara nyingi kisahani huzungumza vizuri kuliko mtu.

Kwa vijana twasema hivi. Wengi wenu mmekwisha jitolea kufagia misikiti na kusafisha makaburi. Ongezeni siku moja kabla ya masika, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na nyingine kabla ya vuli, mwokote vipisi mferejini kuanzia mlango wa msikiti mpaka kona ya kwanza. Vaeni glavu au tumieni koleo la jikoni lililochakaa, msiviguse kwa mikono mitupu. Vihesabuni, na hesabu hiyo iandikwe katika ubao wa msikiti pale zinapoandikwa nyakati za sala. Hatuhitaji jina la mtu. Tarakimu yatosha, na mwaka wa pili watu wataitazama wenyewe kuona kama imeshuka.

Ama kamati za misikiti, tunalolitaka kwao ni kopo. Lichukuliwe kopo kubwa la chuma, la samli au la rangi lililosafishwa, litiwe mchanga mkavu nusu yake, liwekwe hatua kadhaa kabla ya mlango ili moshi usiingie ndani, na karibu ya njia ili aliye na haraka ya kuwahi jamaa asilikose. Lisiwe wazi juu: liezekwe kwa bati dogo kama kibanda, maana mvua ikiingia ndani, kopo lenyewe litageuka birika la sumu na kumwagikia pale pale mferejini. Vipisi vikijaa vichekechwe, vifungwe katika mfuko mgumu, vipelekwe pamoja na taka zinazochukuliwa na gari la manispaa. Visichomwe uani, kwa kuwa moshi wa plastiki hiyo haufai kuvutwa na jirani, na visitupwe chooni. Mchanga waweza kutumika tena mara nyingi. Utakapochakaa, nao pia ufungwe na kupelekwa jaani. Mhudumu wa msikiti aambiwe wazi, kwa sababu asipoambiwa ataumwaga mahali alipozoea kumwaga kila kitu.